Kabla kijiji hakijapokea kisima cha msaada

Ilikuwa Oktoba, huko Bahi, mkoani Dodoma. Niliwakuta akina mama wanne kwenye korongo lililokauka. Mmoja alikuwa ameshuka ndani ya shimo la mchanga hadi kifuani, anachota maji kwa kata, taratibu, akisubiri yajikusanye tena. Wenzake walikuwa juu na madumu yao. Hatua zisizozidi 200 kutoka hapo palikuwa na pampu ya mkono iliyojengewa sakafu safi ya zege na uzio wa miti, na pembeni kibao chenye jina la mzee mmoja marehemu. Watoto wake walitoa kisima kile kwa ajili yake. Nilishika mpini, ukapanda na kushuka bila uzito wowote.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu wakati wa kupalilia," akajibu mama mmoja. Hiyo ni kama miezi tisa.

Tuliifungua siku ileile. Pampu ilikuwa ya aina ya Afridev, ambayo ilibuniwa makusudi ili watu wa kijijini waweze kuitengeneza wenyewe: inafunguliwa kwa spana moja, na vipuri vinavyochakaa vinatolewa bila kung'oa mabomba. Tulivuta fito za ndani moja baada ya nyingine hadi pistoni ikatoka. Kilichokuwa kimeisha ni mpira wake, duara dogo linaloenea kiganjani, ambalo bei yake haifiki bei ya jogoo wa kienyeji. Maji yalikuwa palepale chini siku zote hizo. Spana haikuwepo kijijini. Iliondoka na waliokuja kufunga pampu, na hakuna aliyejua kwamba alipaswa kuidai.

Nimefanya kazi ya maji chini ya ardhi katika kanda hii kwa miaka mingi, na ninachotaka kuwaambia wenyeviti wa vijiji, watendaji, kamati za maji, na pia ndugu zetu wanaotoa visima, ni kwamba kisima hakipokelewi kwa shukrani peke yake. Hupokelewa kwa maswali. Kijiji kinachouliza hakimvunjii heshima mtoaji. Wengi wanaotoa visima huku kwetu wanatoa kama sadaka ya kuendelea, na sadaka hiyo inaendelea pale tu maji yanapoendelea kutoka.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana Dodoma si Kilimanjaro. Sehemu kubwa ya mkoa hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Chini ya udongo wetu kuna mwamba wa matale, na mwamba mzima haushiki maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililolainika na kuoza, na katika nyufa. Ndiyo maana kisima kimoja kinaweza kutoa maji mengi, na kingine kilichochimbwa mita 100 kutoka hapo kikatoa vumbi. Mtu asikudanganye kwamba Dodoma ukichimba kwa kina cha kutosha utayapata tu. Bila kupimiwa eneo kwa vifaa na mtu anayejua kusoma miamba, unacheza bahati nasibu kwa fedha za msaada. Mara nyingi fedha hizo hazitoshi kuchimba mara ya pili.

Jambo la pili kuhusu ardhi yetu linatoka Makutupora, kaskazini mwa jiji, kwenye visima vinavyolinywesha Jiji la Dodoma. Kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ambayo ni nadra kuipata Afrika nzima. Watafiti walipoipitia waligundua kwamba maji ya ardhini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka kama tunavyodhani. Yanajazwa na ile miaka michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, kisha yanashuka polepole kwa miaka mingi hadi mvua nyingine kubwa ije. Kwa mkulima maana yake ni hii: kisima kilichopimwa Machi, katika mwaka wa neema, hakijaonyesha tabia yake. Kama uchimbaji umefanyika masika, ombeni kipimo kirudiwe Oktoba au Novemba, kabla hamjaamua pampu itundikwe kwa kina gani. Nimeona pampu nzima, isiyo na hitilafu yoyote, ikining'inia juu ya maji kwa mita mbili. Maji yalishuka, bomba halikufika.

Sasa ladha ya maji. Wataalamu tunalipuuza jambo hili, na akina mama wanatuadhibu kwa kutokuja kisimani. Upande wa Bahi maji ya Mto Bubu huishia kinamasini, hayaendi baharini. Jua linayafyonza, chumvi inabaki, mwaka hadi mwaka. Maji ya visima vya maeneo kama hayo yanaweza kuwa ya chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu na maharage hayaivi. Mtoaji wa kisima anaona maji meupe yanaruka kutoka kwenye bomba, anapiga picha, anaondoka. Baada ya wiki mbili akina mama wamerudi kwenye mchanga wa korongo, kwa sababu maji ya pale ni matamu, ingawa ng'ombe nao wanayakanyaga. Kabla bomba la plastiki halijashushwa kisimani, waiteni akina mama wanaopika waonje maji. Gharama yake ni kikombe.

Ulimi hautoshi, lakini. Madini ya floraidi hayana ladha wala harufu. Singida, Manyara na baadhi ya maeneo ya Dodoma yana visima vyenye floraidi nyingi, na dalili zake tunazijua: meno ya watoto yenye madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi, mifupa inayokakamaa na kuuma. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa muda mrefu iliruhusu kiwango cha juu zaidi ya hicho kwa sababu ya uhaba wa maji, kabla ya kukishusha hadi 1.5. Zingatia sana hili: kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaizidisha, kwa kuwa maji yanapungua kwenye sufuria na madini yanabaki. Chumvi ni hivyo hivyo. Kuchemsha kunaua vimelea, na hiyo ndiyo kazi yake.

Vimelea na naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi, huletwa na sisi wenyewe, kupitia vyoo na mazizi. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na zaidi pale penye mchanga au mwamba uliopasuka, tena kiwe upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya zege isiwe na ufa, na maji yanayomwagika yawe na mfereji wa kuyapeleka mbali. Basi.

Kisima kimoja kwa watu wangapi?

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, kiwe ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Watu husoma namba hizi kama mapambo ya ripoti. Hebu tuzipigie hesabu. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250, yaani kama ndoo 312 za lita 20. Kwa pampu ya mkono, ndoo moja pamoja na kupishana huchukua kama dakika moja na nusu. Zidisha, unapata karibu saa nane za kupampu bila kupumzika. Hiyo ndiyo siku nzima ya pampu. Ukikipa kisima hicho kimoja watu 600, unahitaji karibu saa 19. Ndipo foleni inapoanza saa tisa usiku, wasichana wanafika shuleni wamechelewa au hawafiki, na mama anaacha palizi ya uwele na karanga katika wiki ambazo magugu hayamsubiri mtu. Ukiona ndoo zimepangwa mstari tangu usiku, usiwaambie watu wavumilie. Idadi ya vituo haitoshi.

Na hapo hatujawataja ng'ombe. Katika nchi ya Wagogo hakuna mkulima asiye mfugaji, au asiyetamani kuwa. Ng'ombe mmoja wa kienyeji wakati wa kiangazi hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, sawa na mgao wa mtu au zaidi. Ng'ombe 50 wakinyweshwa pampuni wamekula mgao wa watu 50 au zaidi, na kwato zao zimevunja kingo za zege. Wakikatazwa bila kupewa pengine pa kunywa, wataletwa usiku. Kama msaada unaruhusu, ombeni pampu ya umeme wa jua yenye tangi, na mbauti, yaani hori la kunyweshea mifugo, iwekwe mbali na vilula vya watu, pale tu ambapo kipimo kimeonyesha kisima kinaweza kubeba mzigo huo. Kama hakiwezi, mifugo ijengewe lambo, kisima kibaki cha watu.

Kuna jingine la kwetu. Kongwa ni moja ya maeneo yaliyofanyiwa utafiti wa muda mrefu wa trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, na moja ya mambo yaliyothibitika huko ni kwamba watoto wanaooshwa uso mara kwa mara hawaugui vibaya kama wale wasiooshwa. Maji yanapokuwa mbali, uso ndio unaoachwa kwanza. Ndoo moja ya mbali itapika, itanywewa, itaosha vyombo, na mtoto atasubiri. Kila mita inayopunguzwa kati ya nyumba na kisima ni ya macho ya mtoto huyo.

Karatasi, spana na daftari

Siku ya makabidhiano kijiji kidai karatasi. Iandikwe kina cha kisima, maji yamesimama mita ngapi kutoka juu, kisima kilitoa lita ngapi kwa saa kilipojaribiwa na kwa muda gani, mabomba yenye matundu ya kuingizia maji yako kina gani, pampu ni ya aina gani na imeshushwa mita ngapi, na majibu ya maabara. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine kwa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilayani, nyingine Bodi ya Maji ya Bonde. Miaka sita baadaye pampu ikigoma, fundi aliye na karatasi hiyo anajua pa kuanzia. Asiye nayo anakisia, na kukisia kwake mnakulipia ninyi. Pamoja na karatasi, dai spana, mipira ya akiba, na siku moja ya mafunzo kwa watu wanne wasiohama hama. Nashauri wanawake wawe angalau wawili, kwa sababu wao ndio wanaosikia pampu ikibadilika sauti.

Halafu kuna fedha, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya watoaji. Wengi wanataka maji yao yawe ya bure. Nia ni njema, lakini taifa letu limepita njia hiyo. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu, bila malipo. Miradi ilijengwa kwa wingi, na mingi ilisimama kwa kukosa dizeli, vipuri na mtu wa kuisimamia. Upimaji wa vituo vya maji vijijini uliofanywa nchini zaidi ya miaka kumi iliyopita bado ulikuta karibu vinne katika kila kumi havitoi maji. Sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA inataka kila mradi usimamiwe na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chenye akaunti na mapato. Chukua mfano wa ndoo 300 kwa siku kwa shilingi 20 kila moja: ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Hizo zinanunua mipira, zinamlipa fundi, zinaweka akiba ya siku bomba litakapopasuka. Mjane asiye na uwezo na mzee asiye na mtu wasamehewe, kwa majina, kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wote. Na mapato na matumizi yasomwe kila baada ya miezi mitatu. Ambako fedha hazisomwi, watu huacha kulipa. Siwalaumu.

Kisima cha msaada kisiwe nje ya utaratibu huu. Mtoaji apite kijijini, apite RUWASA, mchimbaji awe na leseni. Kisima kisichoandikwa popote hakina wa kukiuliza kikifa.

Naweka hapa kipimo kimoja ambacho kamati yoyote inaweza kukifanya bila kifaa. Tarehe 1 ya kila mwezi, acheni pampu ipumzike nusu saa. Kisha pigeni mpini huku mnahesabu: mara ngapi hadi maji yatoke? Andikeni. Namba ikianza kupanda mwezi hadi mwezi, maji yanarudi chini, na huenda mpira au vali ya chini imechakaa. Bado mna muda.

Katika kijiji kimoja cha Chamwino katibu wa kamati ya maji, mama wa makamo anayelima alizeti, alinionyesha daftari lake la shule lenye jalada la bluu. Ukurasa mzima ulikuwa tarehe na namba. Tatu, tatu, tatu, nne, nne, saba. Mbele ya saba ameandika "fundi ameitwa", na mstari wa chini yake "mpira 1, O-ringi 1", na kiasi kilicholipwa. Mwezi uliofuata: tatu.