CDH1: jeni inayoshikanisha seli

Fundi wa jahazi pale ufukweni Bagamoyo hugongomea pamba yenye mafuta kati ya ubao na ubao, ndiyo kalafati. Seli zinazotanda tumbo, utumbo, ngozi na mirija ya matiti nazo hubanana ubavu kwa ubavu, ila haziwekewi pamba. Kila seli hunyoosha mkono wake na kumshika jirani. Mkono huo ni protini iitwayo E-kaderini, na jeni (si jini!) yenye maagizo ya kuiunda ni CDH1, kwenye kromosomu ya 16, eneo la q22.1. Protini huanza na amino asidi 882. 154 za mbele hukatwa ndipo iweze kushika.

Nje ya seli ina vipande vitano, na kila kiungo kati yake hukazwa na ayoni tatu za kalsiamu. Ikikosekana kalsiamu, mkono hulegea kama kamba iliyolowa. Ndani ya seli mkia wake hushikwa na protini nyingine ziitwazo katenini, nazo huufunga kwenye nyuzi za aktini, kiunzi cha seli.

Anayeotesha seli maabara hulijua hilo kwa vitendo. Huziosha kwanza kwa maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, kisha hutia tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) na kemikali ya EDTA: EDTA hunyakua kalsiamu iliyobaki, tripsini hukata kaderini iliyolegea. Asipoosha vizuri, seli hubanduka mapande mapande, na tripsini husingiziwa kwamba imeharibika.

Mtu ana nakala mbili za CDH1. Aliyerithi moja mbovu huishi salama hadi ya pili izimike ndani ya seli fulani ya tumbo. Seli hiyo na vizazi vyake hugeuka saratani, ila haviungani kuwa uvimbe. Hupenya moja moja chini ya utando unaoonekana mzima, na kamera ya tumboni huweza kuvipita bila kuviona. Ndiyo maana waliorithi kasoro hii katika familia zenye historia ya saratani hiyo, kuanzia zile za Wamaori wa New Zealand zilizoelezwa mwaka 1998, hushauriwa kuondoa tumbo lote (mfuko wa chakula) mapema hata kama kipimo ni safi. Kila mtoto wa mwenye kasoro ana uwezekano wa 50% kuirithi.

Kwenye titi, saratani ya aina ya lobyuli (jina la vitezi vya maziwa) huonekana kwa hadubini kama foleni ya seli zisizogusana. Mpatholojia akipaka rangi ya E-kaderini, seli zenye afya huzungukwa na mstari wa kahawia. Hizi za saratani hubaki bila mstari. Chache hupata rangi hata hivyo, kwa kuwa protini ipo lakini haishiki. Hapo hutazama p120, mojawapo ya zile katenini: ikiwa imetoka pembezoni na kutapakaa ndani ya seli, mkono umekatika.