Alilala au aliuawa? Neno moja kwenye jiwe la shujaa

Mimi nachonga maandishi kwenye mawe hapa Kisumu, makaburi ndiyo mengi, mara moja moja ukumbusho wa mtu aliyepigana vita, na nalipisha kwa herufi kwa hivyo wateja huhesabu herufi kuliko mimi.

Juzi mzee mmoja wa kutoka Nandi alinifikia na karatasi imekunjwa mara nne. Jiwe ni la babu wa baba yake, aliyeanguka kwenye vita vya Wanandi na Waingereza. Ameandika ALILALA 1905. Nikamwambia, "Mzee, huyu hakulala." Akacheka kidogo, akasema kwao ndivyo makaburi yote yanaandikwa, na ni kweli, hata mimi nimeandika hivyo mara nyingi.

Lakini hebu ona. Wanandi walipambana kuanzia 1895 mpaka 1905, reli ikipita kando ya ardhi yao ikaja kufika hapa Kisumu 1901, waya za telegrafu zikawa zinakatwa zinageuzwa bangili. Kiongozi wao, au orkoiyot kwa Kinandi, Koitalel arap Samoei, alitoka kwenda kuongea amani tarehe 19 Oktoba 1905, naye Richard Meinertzhagen, ofisa wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, akampiga risasi hapo hapo. Huyo ofisa alidai alikuwa anajikinga na uchunguzi wa kijeshi ukamwachilia. Fimbo tatu za Samoei zilizochukuliwa zilirudi Kenya 2006, yaani miaka 101 baadaye! Leo ukipanda Nandi Hills utakuta kaburi lake la ukumbusho. Sasa mtu wa vita hivyo ukimwandikia "alilala" ni kama alishikwa na malaria akiwa kwake.

Ukishachonga hurekebishi, na hapo ndipo watu hawaelewi. Marumaru nyeupe inapendeza lakini mvua huila pole pole mpaka herufi zinakuwa butu, kwa hivyo mimi nasukuma granaiti. Unabandika shiti ya raba juu ya jiwe, unakata herufi kwa kisu, unabandua, kisha unapiga mchanga kwa presha na palipo wazi ndipo panaliwa. Kale kapembetatu ka ndani ya A ndiko huniumiza kichwa, gundi ikilegea kanaruka na mchanga, na hizo A ni nyingi kwenye Kiswahili chetu jamani. Rangi ya dhahabu nayo usiidanganyikie, jua la ziwani linaimaliza haraka, kina cha mchongo ndicho kinabaki.

Nikamwonyesha mzee kwamba ALILALA na ALIUAWA zote ni herufi saba, A tatu kila moja, bei ni ile ile. Akanyamaza. Akasema ndugu zake wanakutana Jumamosi, mmoja ni mchungaji na hapendi hilo neno la pili.

Jiwe liko pale nyuma ya karakana, raba imebandikwa. Nimekata ALI, nimeweka kisu chini.