Kesi ya mabasi ya Montgomery na wanawake wasiotajwa

Jalada la kesi iliyokomesha ubaguzi wa rangi katika mabasi ya mji wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, halina jina la Rosa Parks, mwanamke mweusi anayejulikana kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, miongoni mwa wadai. Walioifikisha kesi hiyo hadi hukumu ni wanawake wanne weusi, Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin na Mary Louise Smith, baada ya shauri lao dhidi ya meya W. A. Gayle na wenzake kufunguliwa katika mahakama ya shirikisho tarehe 1 Februari 1956. Sisi tunaofundisha historia kwa umma hukutana kila mara na watu, walimu wakiwamo, wanaoweza kusimulia habari za Parks na za Mchungaji Martin Luther King kwa kirefu, lakini hawajapata kusikia hata jina moja kati ya hayo manne. Kusahauliwa huko hakukuletwa na wazungu peke yao. Sehemu yake ilitokana na maamuzi ya viongozi weusi wenyewe, na sehemu nyingine, ambayo aghalabu haizungumzwi, ilitokana na wanawake kulazimika kujificha ili kazi ifanyike.

Msomaji aliyezoea daladala au matatu, ambako aliyewahi ndiye anayekaa, huenda akauona utaratibu wa Montgomery kuwa kichekesho. Basi la kawaida lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vilitengwa kwa wazungu hata kama ndani hamna mzungu hata mmoja, kumi vya nyuma vilikuwa vya weusi, na vile 16 vya katikati vilitegemea amri ya dereva, ambaye alipewa mamlaka kama ya polisi ndani ya basi lake. Abiria mweusi alilipa senti 10 mlango wa mbele, kisha mara nyingi akatakiwa kushuka na kuzunguka hadi mlango wa nyuma, na si mara moja wala mbili basi liliondoka kabla hajaufikia. Takriban robo tatu ya abiria walikuwa weusi, na wengi wao walikuwa wanawake waliovuka mji kila asubuhi kwenda kupika, kufua na kulea watoto katika nyumba za wazungu.

Tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, Claudette Colvin alikuwa akirudi nyumbani kutoka shuleni. Alikuwa na umri wa miaka 15, na katika wiki hizo darasani kwao walikuwa wamefundishwa habari za Harriet Tubman na Sojourner Truth, wanawake waliopambana na utumwa. Dereva alipoamuru wanafunzi waondoke kwenye viti ili mwanamke mzungu akae, wenzake watatu waliinuka, yeye akabaki. Alipaza sauti akisema kwamba ameshalipa nauli na kwamba kukaa pale ni haki yake ya kikatiba. Polisi wawili walimburuta hadi nje, wakamfunga pingu na kumpeleka katika jela ya watu wazima. Alishtakiwa kwa makosa matatu: kuvuruga amani, kuvunja sheria ya utengano, na kushambulia polisi. Kesi ilipofika kwenye rufaa, jaji aliyaondoa mawili ya kwanza na kuliacha la shambulio. Hapo pana ujanja wa kisheria unaostahili kuangaliwa kwa makini: bila shtaka la utengano, mawakili hawakuwa tena na njia ya kuipinga sheria yenyewe kupitia kesi hiyo, na binti akabaki na doa la mhalifu.

Viongozi wa weusi mjini walimpima, wakamwacha. Alikuwa mdogo, alitoka katika mtaa wa maskini wa King Hill, ngozi yake ilikuwa nyeusi sana kwa macho ya jamii ambayo nayo ilikuwa imemeza mizani ya rangi ya wazungu, na baadaye mwaka huo alipata ujauzito. Mary Louise Smith, mwenye umri wa miaka 18, alikamatwa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, naye akaachwa kwa sababu ya uvumi kwamba baba yake ni mlevi, uvumi ambao familia iliukana. Si haki kuwalaumu viongozi hao kana kwamba walikuwa na nafasi pana ya kuchagua, maana walijua kuwa magazeti na mawakili wa mji wangechimba maisha ya yeyote atakayesimamishwa mbele. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba kipimo cha heshima kilichowekwa na wabaguzi ndicho kilichoamua ni mwanamke yupi mweusi anastahili kuonewa huruma.

Hata Parks alipita katika chujio hilo na kutoka akiwa amepunguzwa. Huelezwa kama mshonaji aliyechoka miguu. Ukweli ni kwamba alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kwa miaka mingi, na mwaka 1944 alikwenda Abbeville kuchunguza kesi ya Recy Taylor, mwanamke mweusi aliyetekwa na kubakwa na kundi la wanaume wazungu akitoka kanisani. Mabaraza mawili ya raia walioteuliwa kuamua kama kuna kesi ya kujibu yalikataa kuwafungulia mashtaka wanaume hao. Bunge la Alabama lilimwomba Taylor radhi mwaka 2011.

Usiku wa siku ambayo Parks alikamatwa, tarehe 1 Desemba 1955, kazi kubwa ilifanywa na Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo cha Alabama State na mwenyekiti wa Baraza la Kisiasa la Wanawake. Robinson alikuwa na deni la zamani na mabasi hayo: mwaka 1949 dereva alimfokea kwa kukaa safu ya tano katika basi lililokuwa karibu tupu, akakimbilia nje akilia. Mei 1954 alimwandikia meya barua ya heshima akimkumbusha kwamba bila abiria weusi mabasi hayawezi kujiendesha. Sasa aliingia chuoni usiku wa manane pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakakata stensili, wakapanga ujumbe mara tatu katika kila ukurasa ili kubana karatasi, na hadi kunapambazuka mashine ya kudurufu ilikuwa imetoa makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasusie mabasi siku ya Jumatatu. Kipeperushi hakikumtaja Parks kwa jina. Kilisema tu kwamba mwanamke mwingine mweusi amekamatwa, na kikakumbusha kesi ya Claudette. Mwandishi naye hakuweka jina lake. Chuo kilikuwa mali ya jimbo, na jina moja chini ya karatasi ile lingetosha kumfukuzisha kazi na kukihatarisha chuo kizima. Asubuhi alikuwa darasani kama kawaida.

Georgia Gilmore, mpishi na mama wa watoto sita, alijifunza gharama ya kujitokeza. Machi 1956, ususiaji ukiwa bado unaendelea, alitoa ushahidi katika kesi ya King, aliyeshtakiwa kwa kuuongoza, akieleza jinsi dereva alivyopokea nauli yake, akamwamuru azungukie mlango wa nyuma, kisha akaondoa basi. Akapoteza kazi. Aligeuza jiko la nyumbani kwake kuwa mgahawa, na yeye na wenzake wakauza keki, pai na kuku wa kukaanga ili kununua petroli ya magari yaliyowabeba wasusiaji. Kundi lao waliliita Klabu Isiyotoka Popote, ili anayeulizwa fedha zimetoka wapi ajibu bila kusema uongo. Wengi wao walikuwa watumishi wa majumbani, na mwajiri angejua tu, ingekuwa mwisho wa ajira. Mtafiti anayetafuta orodha ya wanachama hawezi kuipata, kwa sababu ilikusudiwa isiwepo.

Wakili Fred Gray, aliyewawakilisha wadai, alichagua kuliacha shauri la Parks nje ya kesi ya shirikisho, kwa kuwa rufaa yake ingeweza kukwama katika mahakama za jimbo. Mwanamke wa tano, Jeanetta Reese, alijiondoa baada ya vitisho. Tarehe 11 Mei 1956 Colvin, wakati huo akiwa mama wa mtoto mchanga, alipanda kizimbani mbele ya majaji watatu. Wakili wa mji alitaka akiri kwamba King ndiye aliyewachochea, akamuuliza kiongozi wao ni nani. Binti akajibu kwamba viongozi ni wao wenyewe. Tarehe 5 Juni majaji wawili dhidi ya mmoja waliamua kwamba utengano katika mabasi unakiuka Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayomhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha hukumu hiyo tarehe 13 Novemba.

Mabasi yalianza kubeba watu bila utengano tarehe 21 Desemba 1956, baada ya siku 381 za kutembea kwa miguu na kubebana kwa magari. Siku hiyo wapiga picha walimketisha Parks dirishani, mwanamume mzungu akiwa nyuma yake. Picha hiyo imezunguka dunia, na wengi hudhani yule ni abiria aliyenuna, kumbe ni mwandishi wa habari. Hakuna hata mmoja wa wadai wanne katika picha hiyo.

Colvin alihamia New York mwaka 1958, akafanya kazi ya msaidizi wa wauguzi hadi alipostaafu mwaka 2004. Lile shtaka la kumshambulia polisi lilikuwa bado liko katika kumbukumbu za mahakama ya watoto ya Montgomery, pamoja na amri ya kuwekwa chini ya uangalizi, ambayo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba imekwisha. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 82, aliiandikia mahakama kuomba lifutwe, na jaji akakubali.