Nyonga imevunjika, "kachelewa" kupasuliwa: maana yake nini hasa?

Umempeleka mzee hospitali, kaanguka hawezi kusimama, alafu unasikia madaktari wanaambiana "huyu kachelewa". Unabaki unajiuliza kachelewa vipi wakati tumemleta leoleo na hata kitanda hajapata. Kumbe kila mtu pale anahesabu kuanzia kwake.

Tuanze na nyonga yenyewe maana wengi wanafikiria ni ule mfupa mpana wa kiunoni. Hapana. Kinachovunjika ni juu kabisa ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, kuna kichwa cha duara kama mpira mdogo, chini yake shingo, ndo mfupa unashuka. Kijana mpaka avunjike hapo ujue ni ajali ya bodaboda au katoka juu ya mwembe, ila mzee ambaye mifupa imeshakuwa mepesi, hasa mama aliyekoma hedhi miaka mingi, kuteleza bafuni tu inatosha. Anaumia kwenye kinena, hakanyagi, mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umelalia nje. Wapo pia ambao mfupa umepata ufa ila haujaachana, huyo atachechemea siku mbili tatu na mtasema hana kitu.

Sasa kuchelewa. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2011 unasema mgonjwa apasuliwe siku ileile aliyofika au kesho yake, na hospitali ikimfikisha thieta, yaani chumba cha upasuaji, ndani ya masaa 36 na kutimiza masharti mengine inaongezewa malipo. Canada wao wamejiwekea masaa 48. Ukizidi hapo, umechelewa. Ila hiyo saa yao inaanza kuhesabu mgonjwa akishafika hospitali, na kwao hiyo inatosha maana mtu akianguka simu inapigwa na gari la wagonjwa linakuja.

Kwetu muda mwingi unaliwa kabla ya kulifikia geti. Bibi yetu alianguka, tukasema kateguka, akakandwa maji ya moto, jirani akaleta mafuta, baadaye akaitwa fundi wa mifupa akamfunga na vijiti na kuvuta mguu mpaka bibi akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Tulipofika kituo cha afya hakuna eksirei, tukapewa rufaa, tukatafuta hela ya gari. Hospitali kubwa nako akawekewa uzito wa kuvuta mguu, tukaambiwa foleni ya thieta ni ndefu na vyuma vya kuwekwa kwenye mfupa tununue wenyewe, kwahiyo kikao cha ukoo, grupu la WhatsApp la michango, mjomba wa mbali anasema nitatuma mwisho wa mwezi. Ukijumlisha yote hayo ni wiki kadhaa, ila kwenye faili imeandikwa amesubiri siku tisa, maana wao wamehesabu toka alipofika kwao.

Na kwanini kusubiri kunaumiza? Hapa watu wanakosea, wanadhani tatizo ni mfupa. Kinachommaliza mzee mara nyingi ni kulala. Akijigeuza anaumia, kwahiyo hajigeuzi, mgongo na visigino vinaanza kuchubuka mpaka vinakuwa vidonda. Akivuta pumzi ndefu au akikohoa anaumia, basi hakohoi, makohozi yanatuama chini ya mapafu, hiyo nimonia. Damu nayo inatulia kwenye mishipa ya mguu inaganda, na likipanda donge mpaka kwenye mapafu mtu anaweza kuondoka ghafla huku mnaongea nae. Mpira wa mkojo unaleta maambukizi. Misuli inayeyuka, mzee aliyekuwa anakwenda shamba ndani ya wiki mbili anashindwa hata kukaa. Alafu kuna kuchanganyikiwa, usiku anaita watu waliokufa zamani, anang'oa dripu, ndugu wanaanza kunong'ona kuwa kuna mkono wa mtu, kumbe ni maumivu, kukosa usingizi, maji kupungua mwilini na maambukizi.

Kitu kingine hakisemwi sana, njaa. Anaambiwa asile kuanzia usiku maana kesho anapasuliwa, saa nane mchana zamu yake inafutwa sababu imeingia dharura, anakula kidogo jioni, kesho tena asile. Mara tatu hivyo mzee kaisha.

Mfupa nao hausubiri bure. Ukikatika kwenye shingo, mishipa ya damu inayolisha kile kichwa cha mfupa inaweza kukatika nayo na kichwa kikafa. Ndo maana kijana anakimbizwa ili kichwa chake kiokolewe, na mzee mara nyingi anatolewa kile kichwa anawekewa cha bandia.

Ila tusidanganyane kwamba kila aliyechelewa na akafa kauliwa na kuchelewa. Wanaocheleweshwa mara nyingi ni wale waliokuwa na hali mbaya toka mwanzo. Ontario, Canada, waliangalia wagonjwa zaidi ya 42,000, matokeo yakatoka 2017, wakaona hatari inaanza kupanda baada ya masaa 24. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa nchi 17, karibu wagonjwa 3,000, kundi moja lilifika thieta ndani ya masaa kama 6, lingine kama 24. Vifo havikutofautiana cha maana, ila kwenye kundi la haraka waliochanganyikiwa walikuwa wachache kuliko wenzao, na walisimama mapema. Wenzetu wanabishania 6 na 24 jamani, sisi tunaongelea Jumatatu ya wiki ipi.

Na kuna kusubiri kwa halali. Damu iko chini sana iongezwe, moyo umezidiwa, anameza dawa za kuyeyusha damu. Hayo yanarekebishwa kwa siku moja mbili. Kwahiyo swali la kumuuliza daktari ni "tunasubiri nini?" Kama jibu ni damu, mkatafuteni wa kuchangia. Kama ni vyuma, mjue bei leo. Na wakati mnasubiri ulizeni sindano ya ganzi ya kinenani na sindano ya kuzuia damu kuganda, mgeuzeni, mkalisheni, asinyimwe chakula mpaka thieta wathibitishe kweli ni siku yake. Hata aliyekaa nyumbani wiki tatu apelekwe, kupasuliwa bado kunaweza kumpunguzia maumivu akakaa na akageuzwa.

Na mkiulizwa kaanguka lini semeni kweli, hata kama mlipita kwa fundi, maana aliyelala wiki anatafutwa damu iliyoganda na upasuaji wake unapangwa tofauti. Sisi tuliona aibu tukasema jana. Bibi akafumbua macho pale kitandani, "Si jana, ni ile Jumanne ya mnada."