"Nichoree ramani tu, mhandisi ninaye"

Sentensi hiyo naijua hata kabla mteja hajavuta kiti. Maana yake ni kwamba mhandisi ndiye aliyesoma. Msanifu majengo kama mimi kajaliwa mkono mwepesi wa kuchora, basi.

Mwongozo wa UNESCO na UIA, muungano wa kimataifa wa wasanifu majengo, unataka masomo ya kutwa yasiyopungua miaka 5, kisha miaka 2 ya kujifunza kazini. Miaka yote hiyo si ya kunyoosha mistari. Sehemu kubwa inaishia studio: unabandika kazi ukutani, walimu wanaanza. Machela inapitaje kona hii? Jua la alasiri linampiga nani usoni? Maji ya paa hili yanaangukia wapi? Huna jibu, unarudi mezani. Mwenzako wa uhandisi miundo wakati huo anakokotoa mizigo, uimara wa zege na udongo. Miundo nasi tunaisoma, ila kwa kiasi cha kujua boriti ya mita 7 si ya kubahatisha. Nondo zake atapanga yeye.

Juzi nililetewa ramani iliyochorwa kwa programu ya kompyuta. Ya rangi, hata makochi yamo. Ngazi, iliyonyooka moja kwa moja, imetengewa urefu wa mita 2.4. Sakafu hadi sakafu ni mita 3, vipandio 17 vya kama sentimita 17.6 kwenda juu kila kimoja. Hapo kuna makanyagio 16 ya kuwekea mguu, maana kipandio cha mwisho kinakufikisha sakafu ya juu, na kila moja linaambulia sentimita 15. Weka kiatu chako hapo uone kisigino kinavyobaki hewani. Kwa kanyagio la sentimita 25 ngazi hiyo inataka mita 4, na mita hizo zinamega chumba. Mhandisi angeipa nondo safi kabisa, ikasimama miaka 50 huku watu wakiishuka kiubavu.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba mhandisi kazi yake ni kugonga mhuri. Jørn Utzon, msanifu majengo wa Denmark, alishinda shindano la kusanifu Jumba la Opera la Sydney, Australia, mwaka 1957. Yeye na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walihangaika miaka kadhaa kabla ya kupata umbo la yale mapaa linalojengeka.

Bei? Muulize mkadiriaji majenzi, ndiye aliyesomea vipimo, gharama na mikataba. Makisio yangu ya mdomo usiyapeleke benki.

"Fundi wangu amejenga nyumba mia." Sawa, na namheshimu, kwa plasta hanikaribii kwa mbali. Ila muulize ni ngapi kati ya hizo mia zilitofautiana.

Ukija kwangu, ramani ya jirani iache kwa jirani. Njoo na vipimo vya kiwanja, uniambie nani huamka wa kwanza nyumbani kwako.