Je, wajua kwa nini "punguza AC" huweza kueleweka kinyume?

Usiku wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, mtu aliyejifunika shuka anamwambia mwenzake aliyeshika rimoti, "Hebu punguza AC," na mwenzake, kwa nia njema kabisa, anashusha namba kutoka 24 hadi 20, chumba kikazidi kuwa baridi. Hakuna aliyekosea. Kitenzi "punguza" hakikutajiwa kinachopunguzwa.

Katika Kiswahili joto na baridi ni vitu viwili, na kila kimoja huingia, huzidi na hupungua kwa nafasi yake. Ndiyo maana twasema baridi imezidi, wala hatusemi kwamba joto limepungua mno. Kiyoyozi chenyewe hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulitoa joto la chumbani na kulitupa nje, na namba ya kwenye rimoti, ambayo mara nyingi huanzia 16 na kuishia 30, ni nyuzi za joto ambazo mtumiaji anataka chumba kifikie. Kwa hiyo anayetaka baridi ipungue hana budi kuongeza namba. Tena rimoti hiyohiyo ina kitufe cha kasi ya feni, nacho huweza kudhaniwa kuwa ndicho kilichokusudiwa.

Vifaa vingine vya nyumbani vimetuzoesha vingine. Katika friji nyingi, ukizungusha swichi kutoka 1 kuelekea 5 baridi huongezeka, na feni ya dari ikiwekwa 5 huenda kasi kuliko ikiwa 1. Huko namba kubwa ni kazi kubwa. Pengine mazoea hayo ya kuiona namba kama kiwango cha nguvu, wala si nyuzi za kufikiwa, ndiyo huwafanya wengi waweke 16 ili chumba kipoe upesi, ilhali kwenye kiyoyozi kisicho cha inveta, yaani kisichoweza kubadili kasi yake, kompresa (mashine inayosukuma gesi ya kupozea) ina mwendo mmoja tu: haikimbii zaidi, bali huchelewa kupumzika, na umeme huendelea kuliwa.

Binafsi naona "punguza baridi" au "weka 26" ni kauli bora, kwa kuwa msikilizaji habakishiwi la kukisia.

Na anayeona namba za rimoti zimekaa kinyume ajue kwamba Anders Celsius wa Uswidi, alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742, aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda. Kipimo kiligeuzwa baada ya kifo chake mwaka 1744. Kingebaki vile, aliyeshusha namba usiku ule angeleta joto.