Handaki la upepo: jengo lililokuwa kipimo

Ukisikia "handaki" unafikiria shimo refu lililochimbwa ardhini. Handaki la upepo halichimbwi. Ni njia iliyozungushiwa kuta, ambamo hewa huvutwa kwa kasi inayojulikana ipite juu ya kitu kilichosimama tuli. Ndege haiendi popote. Upepo ndio unaoijia. Kwa bawa ni mamoja tu, kwani nguvu zinazolinyanyua na kulirudisha nyuma hutokana na mwendo kati yake na hewa, yeyote anayetembea. Aliyewahi kutoa mkono dirishani basi likiwa kasini anajua: nje pametulia, lakini mkono unasukumwa.

Ndugu wawili wa Wright, waliounda ndege ya kwanza yenye injini, walikuwa na handaki la namna hii huko Dayton, Marekani, mwaka 1901. Lilikuwa sanduku la mbao tu. Serikali ya Marekani iliingia baadaye, ilipounda kamati ya utafiti wa ndege, NACA, mwaka 1915, kwa bajeti ya dola 5,000 kwa mwaka. Maabara yake ya kwanza, Langley, ilizinduliwa Juni 1920 mjini Hampton, Virginia. Handaki lake la mwanzo lilikuwa na upana wa mita moja na nusu hivi, kwa hiyo kilichopimwa humo kilikuwa kindege cha mfano.

Na vindege vya mfano hudanganya. Hewa ina mnato, ingawa hatuuoni, na mnato huo hukishika kitu kidogo zaidi kuliko unavyokishika kikubwa. Max Munk, mtaalamu kutoka Ujerumani, alipata njia ya kulikwepa tatizo: mfano ukiwa mdogo mara 20, ibane hewa iwe nzito mara 20. Tangi lake la chuma lilianza kazi Langley mwishoni mwa 1922, na lilifaa sana kuchunguza maumbo ya mabawa. Lakini ndege halisi si umbo safi. Ina antena, vichwa vya ribiti, magurudumu, matundu ya kupoozea injini, na vitu hivyo si rahisi kuviiga kwenye kidude cha ukubwa wa meza.

Basi wakaamua kuingiza ndege nzima.

Handaki hilo jipya, lililozinduliwa hapohapo Langley Mei 1931, lilikuwa na mdomo wa upana wa mita 18 na kimo cha mita 9. Mapangaboi mawili, kila moja likiwa na kipenyo cha karibu mita 11 na mota ya nguvu farasi 4,000, yalivuta hewa hadi kasi ya kilomita 190 kwa saa. Baada ya kupita kwenye mapangaboi, hewa iligawanyika kushoto na kulia, ikarudi mbele kwa njia za pembeni na kuanza upya. Kuta za njia hizo ndizo zilizokuwa kuta za jengo. Kwa sababu hiyo fremu ya chuma iliwekwa nje, ndani pabaki laini pasipo cha kuuvuruga upepo. Aliyelitazama kutoka barabarani aliona jengo lenye urefu wa zaidi ya mita 130 lililovaa mifupa juu ya ngozi. Mimi hilo ndilo linalonivutia kuliko mota zote: hapakuwa na chombo ndani ya jengo, jengo ndilo lililokuwa chombo.

Faida yake ilionekana wazi mwaka 1938, jeshi la majini lilipopeleka ndege ya kivita ya kampuni ya Brewster iliyokuwa ikienda polepole kuliko ilivyotarajiwa. Wahandisi walipima kila kilichochomoza kwenye mwili wake, wakaonyesha cha kufichwa na cha kulainishwa. Kasi ikapanda kwa karibu kilomita 50 kwa saa, injini ni ileile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili handaki lilifanya kazi usiku na mchana. Baadaye likapima hata mfano wa nyambizi, maana maji nayo hupita juu ya umbo kwa kanuni zilezile.

Jengo la aina hii halina kazi ya pili. Huwezi kuligeuza ofisi wala ghala bila kuliua. Lilitangazwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1985. NASA, shirika la anga la Marekani lililoirithi NACA, iliacha kulitumia miaka kumi baadaye, chuo kikuu cha jirani kikaliendesha hadi 2009, kisha likabomolewa.